Bomba la Tatu Halipitishi Maji: Mabomba na Uchujaji wa Tangi la Matumbawe Mombasa

Anayetaka kufuga matumbawe sebuleni kwake Mombasa hana budi kuanza na swali ambalo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani hulipitia kwa haraka: stima ikipotea saa nane za usiku, maji yaliyomo katika mabomba yataishia wapi? Katika mji ambao umeme hukatika kwa nadra, mtu anaweza kuchagua skima, chombo cha kutoa uchafu majini kwa povu, na taa kwanza, kisha akamwachia fundi mambo ya mabomba. Hapa petu ni lazima utaratibu huo ugeuzwe. Mfumo wangu niliujenga kwa kuanzia na giza, yaani kwa kuhesabu maji yote yatakayoteremka pampu zikizimika, na ndipo nikauliza maji hayo yachujwe vipi.

Mfumo wenyewe ni wa matangi mawili ya kioo. La juu, lenye mawe, samaki na matumbawe, lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50. La chini, lililofichwa ndani ya kabati, lina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 40, na humo hukaa vyombo vyote visivyopendeza macho. Maji ya juu hufurika polepole na kuingia katika kisanduku chembamba kilichogundishwa kwenye kioo cha nyuma, yakipita katikati ya meno ya plastiki yanayowazuia samaki, kisha huteremka kwa mabomba hadi tangi la chini. Huko hupita chumba baada ya chumba, na pampu iliyo katika chumba cha mwisho huyarudisha juu. Kwa kuwa kinachofurika ni maji ya usoni, utando wa mafuta unaotanda juu ya maji huondoka pamoja nayo, na hewa na mwanga hupata njia. Kwa kuwa ukingo wa kisanduku hausogei, kimo cha maji katika tangi la juu hakibadiliki hata siku ya joto kali. Upungufu wote huonekana chini.

Sasa tuje kwenye hesabu. Eneo la tangi la juu ni sentimita 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Eneo la tangi la chini ni 90 kwa 40, na kila sentimita moja huko ni lita 3.6. Pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya ukingo wa kisanduku huendelea kumwagika mpaka yalingane na ukingo huo. Lakini kuna njia nyingine ya kuteremkia ambayo wengi huisahau: bomba la kurudishia maji lenyewe. Mdomo wake ukiwa umezama, bomba hilo hugeuka sifoni, yaani bomba lililojaa maji linaloyavuta lenyewe kuelekea chini, mara tu pampu inaposimama, na maji hurudi kinyumenyume kupitia pampu mpaka mdomo ule uguse hewa. Kwa hiyo kimo ambacho mdomo wa bomba la kurudishia umezama ndicho kinachoamua sakafu italowa au haitalowa.

Midomo yangu miwili imezama sentimita 3 tu, nayo hiyo ni lita 18. Ukiongeza maji ya kisanduku na yaliyomo ndani ya mabomba, jumla inafika karibu lita 25, ambazo huinua maji ya tangi la chini kwa sentimita 7. Maji ya chini hukaa kwenye kimo cha sentimita 22 mfumo ukiwa unafanya kazi. Yakipanda hadi 29, bado nafasi ipo. Sasa mtu mwingine aushushe mdomo uleule hadi sentimita 15, labda kwa sababu anataka mkondo upige nyuma ya mawe. Lita 90 zitashuka, bila ya kuhesabu za kisanduku na mabomba, na tangi la chini lenye kimo cha 40 litadaiwa lihifadhi maji yafikayo karibu sentimita 49. Zaidi ya lita 30 za maji ya chumvi zitakuwa zimeingia chini ya makochi kabla hajaamka.

Dawa zinazopendekezwa kwa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni valvu isiyorudisha maji, na sishauri mtu aitegemee. Kikope chake hufunga barabara kikiwa kipya, lakini baada ya miezi kadhaa mwani mgumu wa chokaa huota kwenye kiti chake, au konokono mdogo hujibanza hapo, na valvu hubaki imeachama kwa upana wa uzi. Upana wa uzi unatosha kuteremsha tangi lote, kwani sifoni haina haraka. Ya pili ni kutoboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kuikata sifoni. Tundu hilo linafaa, mradi lisafishwe kila wiki, kwa maana mwani haubagui. Hata hivyo nimeona ni afadhali midomo yenyewe ikae juu, na kazi ya kusukuma maji ndani ya tangi waachiwe mapropela madogo yanayobandikwa kwenye kioo kwa sumaku, ambayo hayana bomba lolote la kuvujisha.

Upande wa maji yanayoteremka ndio uliotafakariwa zaidi na wafugaji wa matumbawe duniani, na sababu yake kubwa ni kelele. Bomba moja likiachwa wazi, maji huvuta hewa pamoja nayo, na sebule hujaa mgugumio usiokoma. Mfumo wa Durso uliipunguza kelele hiyo kwa kuliwekea bomba kiwiko juu na tundu la kupitishia hewa, lakini bado maji na hewa husafiri pamoja. Mfumo wa Herbie uliitenga hewa kabisa: bomba la kwanza hujaa maji pomoni, likawa sifoni kamili iliyo kimya, na kasi yake hurekebishwa kwa valvu, la pili hubaki kavu kwa dharura. Mimi nimechagua mfumo unaojulikana kwa jina la BeanAnimal, wenye mabomba matatu, kwa sababu ndio pekee kati ya hiyo unaojirekebisha wenyewe stima inapopotea na kurudi pasipokuwa na mtu nyumbani.

La kwanza ni sifoni kamili yenye valvu. La pili hupitisha kijito chembamba tu, yale maji machache yanayozidi uwezo wa la kwanza, nalo limeunganishwa na mpira mwembamba wa hewa ambao ncha yake imeinamishwa juu kidogo ya uso wa maji. Jani la mwani likiziba bomba la kwanza, maji hupanda, hufunika ncha ya mpira, hewa haiingii tena, na papo hapo bomba la pili nalo hugeuka sifoni na kubeba mzigo wote. La tatu limesimama juu kuliko yote, mdomo wazi, na halipitishi maji. Fundi wa mifereji aliyenisaidia kukata na kuunganisha, mtu mzima aliyekwisha funga mabomba ya nyumba nyingi mtaani kwetu, aliyatazama matatu hayo akauliza, "Sasa hili la mwisho, bwana, litapitisha nini?" Nikamjibu kwamba siku likipitisha chochote, ajue pana balaa. Akacheka, akasema wateja wake wote humlipa ili bomba litoe maji, nami namlipa ili lisitoe.

Kuna mambo mawili yanayoamua kama mfumo huu utatulia. Ncha ya chini ya bomba la sifoni izame sentimita 2 au 3 tu katika tangi la chini. Ikizama zaidi, stima inaporudi hewa iliyobaki ndani ya bomba hushindwa kusukumwa nje, na sifoni haianzi. Jambo la pili ni aina ya valvu. Koki ya kugeuza robo mzunguko hufaa kwa kufunga na kufungua, lakini kwa kurekebisha haifai, kwani msogeo mdogo wa mkono hubadilisha kasi kupita kiasi. Inahitajika geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi. Na hapo ndipo maduka yetu ya vifaa vya ujenzi yanapokukwamisha, maana geti valvu zilizojaa rafuni ni za shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba, hata kwa kiasi kidogo mno, ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono, na maji ya chumvi huila taratibu. Valvu ya plastiki ya aina hiyo itabidi kuagizwa, na bei yake haichekeshi, lakini hapa si mahali pa kubana matumizi. Kwa sababu hiyohiyo, klipu za chuma za kukazia mipira zisitumike popote panaporushiwa maji.

Vifaa vya kuagiza vina mtego mwingine wa vipimo. Bomba la inchi moja la Kimarekani lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, ilhali bomba la vipimo vya metriki linalokaribiana nalo ni la milimita 32. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, lakini bomba la metriki litachezacheza ndani ya soketi ya Kimarekani na hakuna gundi itakayoliziba. Nyuzi za kukazia viungo za Kimarekani nazo hazioani na za Kiingereza tulizozoea. Nilinunua kila kitu cha kugundishwa katika mfumo mmoja wa vipimo, na kwenye kioo nikatumia konekta za plastiki za aina inayofungwa kwenye matangi ya maji ya juu ya paa. Washa yake ya mpira hukaa upande wenye kichwa cha konekta, haipakwi silikoni, na nati hukazwa kwa mkono kisha robo mzunguko tu.

Gundi ya PVC huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikawa moja, kwa hiyo ncha zisuguliwe kwa msasa, zipakwe zote mbili, zisukumwe huku zikizungushwa kidogo, kisha zishikiliwe bila kusogea. Viungo vipewe saa 24 kabla ya maji. Kila mahali panapotarajiwa kufunguliwa siku moja, hasa kando ya pampu na kila valvu, pawekwe yunioni, kiungo kinachofunguliwa kwa kuzungushwa bila kukata bomba. Kuhusu kutoboa kioo sina mengi: kioo kilichotiwa ugumu kwa joto hakitobolewi, hupasuka chote vipande vidogo, kioo cha kawaida hutobolewa kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi, mkono mwepesi na maji yakimiminwa wakati wote.

Pampu ya kurudishia haihitaji kuwa kubwa kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Maji kupita katika tangi la chini mara 3 hadi 5 kwa saa yanatosha, na kwa tangi langu hiyo ni lita 900 hadi 1,500. Hata hivyo nambari iliyochapishwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ikiyapandisha mita moja na nusu, na kupitia elbo kadhaa, kinachofika juu kinaweza kuwa nusu yake. Nilipanua bomba kutoka robo tatu ya inchi kwenye mdomo wa pampu hadi inchi moja, na penye kona nikaweka elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Sifoni moja ya inchi moja hupitisha zaidi ya lita 3,000 kwa saa, kwa hiyo bomba lolote kati ya yale matatu laweza kubeba kazi yote peke yake.

Nimechelewa kufika kwenye uchujaji, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwani kazi kubwa ya kuchuja haifanywi na chombo. Hufanywa na mawe. Uchafu wa samaki hutoa amonia. Bakteria wanaokaa juu ya mawe huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na ndani ya vitundu visivyofikiwa na oksijeni wapo wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka hewani. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa baharini kwa mawe hai, maji ya bahari na viputo vya hewa basi. Baadaye wafugaji wa Berlin waliongeza skima yenye nguvu juu ya mawe hayo, na njia ya Berlin ndiyo iliyoenea. Wao walikuwa mbali na bahari ya joto. Sisi tuko karibu na hali ya Jakarta, na sioni kwa nini tununue machujio ya vitufe vya plastiki ambayo hukusanya takataka na kuigeuza kuwa nitrati.

Mawe yangu hayakutoka kwenye mwamba ulio hai. Hifadhi za taifa za baharini, kama za Mombasa, Malindi na Watamu, haziruhusu kuokota kitu, na matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Pwani yetu, hata hivyo, imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, yaleyale yanayochimbwa kwa ujenzi na saruji. Bustani ya Haller Park pale Bamburi imeoteshwa ndani ya chimbo la namna hiyo. Jiwe hilo lina vitundu vingi na bei yake ni nafuu. Lilowekwe, lipigwe brashi, maji yabadilishwe mara kwa mara, fosfati ipimwe. Bakteria watakuja na jiwe moja dogo lenye uhai kutoka kwa mfugaji mwenzako.

Baada ya mawe, skima ndicho chombo pekee ninachokitetea. Hupiga hewa ndani ya maji mpaka yajae viputo vidogo kama vumbi. Protini na mafuta, ambayo upande mmoja hupenda maji na upande mwingine huyakimbia, hushikamana na uso wa kiputo na kupanda kama povu la rangi ya chai hadi kwenye kikombe. Uchafu huondoka kabla haujaoza, jambo ambalo hakuna soksi wala sponji inayoweza. Skima nyingi hutaka maji ya kimo kisichobadilika, aghalabu kati ya sentimita 18 na 22, na kwa hiyo chumba chake kimezungushiwa vizuizi vya kioo. Soksi ya kuchujia iliyo mbele yake ibadilishwe kila siku tatu au nne. Katika chumba kinachofuata nimeweka mwani wa Chaetomorpha chini ya taa inayowaka usiku taa za juu zikiwa zimezimwa. Mwani hula nitrati na fosfati, na kwa kunyonya kaboni dioksidi hupunguza kushuka kwa pH kunakotokea gizani. Mkaa maalumu wa kuondoa rangi hufaa mara mojamoja.

Joto la Februari na Machi ndilo adui wa pili baada ya kukatika kwa stima. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa kwa sababu ya maji kupata joto kupita kawaida, na tangi dogo halina kina cha kujificha. Mafeni mawili yanayopuliza juu ya tangi la chini hushusha nyuzi mbili au zaidi, ingawa siku zenye unyevu mwingi nguvu yao hupungua. Gharama yake ni uvukizi: maji hupotea, chumvi hubaki. Kwa hiyo kuna pipa la lita 20 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na valvu ya boya ya plastiki, ya aina iliyomo katika tangi la choo, inayojaza kinachopungua.

Hapo hesabu ya mwanzo hurudi mezani. Boya likikwama, lita 20 zote zitaingia. Ni sentimita 5.6 zaidi, na zikikutana na stima iliyopotea, maji ya chini yatafika kama sentimita 34.6. Tangi lina 40. Pipa la lita 50 lingeniondolea kazi ya kujaza, lakini lingevunja hesabu hiyo. Jumla ya maji katika mfumo ikiwa kama lita 330, kosa la boya litashusha chumvi kutoka 35 hadi 33 kwa elfu, kiasi ambacho viumbe hustahimili. Hali moja tu haina kinga ya hesabu: mabomba yote ya kuteremsha yakiziba. Pampu peke yake ingepandisha lita 17, ambazo tangi la juu lina nafasi yake, lakini boya lingeendelea kujaza chumba cha pampu na maji yangepita ukingo. Ndiyo maana sikuridhika na bomba moja wala mawili.

Maji ya kisima ya kisiwani yana chumvi na, kwa ukaribu wa vyoo vya shimo, nitrati. Ya mfereji yana klorini. Yote mawili hupita kwanza katika chujio la osmosisi. Chujio hilo hutupa lita tatu au nne kwa kila moja linayoitoa, na katika mji wenye shida ya maji itakuwa aibu kuyamwaga. Kwetu hufulia na kupigia deki. Maji ya bahari huchotwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, kwenye ufuo wa nje unaotazama bahari kuu, si katika mikono ya Tudor na Kilindini wala baada ya mvua kubwa za masika. Huchujwa kwa soksi, yakakaa gizani katika pipa lenye kiputisha hewa kabla ya kutumiwa, na chumvi hupimwa kwa refraktomita.

Stima inapopotea kwa saa nyingi, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, ina takriban saa-wati 600. Propela ya wati 10 itazunguka zaidi ya siku mbili nzima, hata ukiondoa upotevu wa kibadilishi cha umeme wa betri. Skima na pampu ya kurudishia ziache zilale. Kila kitu kingine kipite katika kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi, na skima iwe na kipima saa chake ili isiamke maji yakiwa bado juu na kumwaga kikombe.

Kabla ya chumvi kuingia, mfumo wote ujazwe maji ya kawaida na ujaribiwe kwa vurugu. Weka alama ya kimo kwa kalamu, chomoa pampu, subiri maji yatulie, weka alama ya pili, chomeka tena. Rudia mpaka sifoni ianze yenyewe kila mara ndani ya dakika moja au mbili. Kisha ziba bomba la kwanza kwa kitambaa na utazame la pili likigeuka sifoni. Ziba yote mawili ulione la tatu likibeba. Shikilia boya chini mpaka pipa liishe, kisha uchomoe pampu papo hapo. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo, kwa sababu tone la maji baridi linalokauka halionekani, ilhali la chumvi litaacha ukungu mweupe kwenye kabati baada ya wiki. Mfumo ukifaulu yote hayo, mwaga maji, jaza ya bahari, weka mawe, na usitie samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, jambo ambalo kwa mawe makavu huchukua wiki nne hadi sita au zaidi.

Majaribio hayo ya kuchomoa na kuziba yarudiwe kila baada ya miezi mitatu, siku ileile pampu zinapolowekwa katika siki kuondolewa chokaa, na geti valvu izungushwe kidogo mbele na nyuma kisha irudishwe mahali pake, isije ikaganda.